Hamm: kijiji cha mto Sieg na chanzo cha vyama vya kuweka na kukopa



Wengi wetu ni wanachama wa chama cha kuweka na kukopa. Kwa mwingine ni SACCOS iliyosajiliwa, kwa mwingine ni kikundi cha usharika au parokia, na kwa mwingine ni VICOBA vya akina mama wa mtaani. Tunazijua kanuni zake kwa moyo: anayekopa awe mwanachama, adhaminiwe na watu wanaomfahamu, na arejeshe kwa wakati ili mwenzake naye apate. Ni mara chache tunajiuliza kanuni hizi zilianzia wapi.

Sehemu kubwa ya jibu inapatikana katika kijiji kidogo cha Ujerumani kiitwacho Hamm, kando ya mto Sieg. Hapo alizaliwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen, mtu aliyeona njaa na madeni vikiwamaliza wakulima, akajaribu njia moja, ikapungukiwa, akajaribu nyingine. Katika makala haya tutaeleza historia ya kijiji hicho, mambo ya kuona huko, na barabara inayotoka hapo kwenda mto Rhine. Tutaeleza pia makosa yake, kwa sababu tunajifunza kwa yaliyofaulu na kwa yaliyoshindikana.

KIJIJI KWENYE KONA YA MTO

Mto Sieg huanzia katika vilima vya Rothaar, hutiririka kuelekea magharibi kwa kilomita zipatazo 155, kisha huingia katika mto Rhine karibu na mji wa Bonn. Njiani mto huu hupindapinda sana. Neno "hamm" katika lugha ya zamani ya Kijerumani lilitumika kwa ardhi iliyo katika pindo la mto, na ndiyo maana majina ya namna hiyo yanapatikana mahali pengi Ujerumani. Ili kutofautisha na mji mkubwa wa Hamm ulioko Westfalen, watu husema Hamm ya Sieg.

Kijiji kiko mashariki ya mji wa Köln, ukingoni mwa eneo la vilima liitwalo Westerwald, katika wilaya ya Altenkirchen. Wakazi wake ni elfu tatu na kitu. Kwa karne nyingi eneo hili lilikuwa chini ya makabaila wa Sayn. Mwaka 1815, baada ya vita vya Napoleon, lilipewa ufalme wa Prussia. Tangu mwaka 1946 liko katika jimbo la Rheinland-Pfalz.

Tukisikia Ujerumani, wengi wetu tunafikiria viwanda na utajiri. Westerwald ya miaka 200 iliyopita haikuwa hivyo. Udongo ulikuwa hafifu, baridi ilikuwa kali, na mashamba yalikuwa madogo. Chakula kikuu cha maskini kilikuwa viazi. Barabara zilikuwa za tope, hivyo hata aliyepata ziada ya mazao alishindwa kuyafikisha sokoni. Reli ya bonde la Sieg, inayounganisha Köln na mji wa Siegen, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1860 tu. Kabla ya hapo mkulima wa Hamm alitegemea miguu yake na mkokoteni wa ng'ombe.

MTOTO WA HAMM

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa Hamm tarehe 30 Machi 1818. Alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto tisa. Baba yake alikuwa mkulima, na kwa muda alikuwa meya wa Hamm, lakini familia ilimpoteza mapema. Mama alibaki na kundi la watoto na fedha kidogo.

Hapakuwa na uwezo wa kumsomesha kijana huyu shule ya sekondari mjini. Aliyemsaidia ni mchungaji wa kijiji, Georg Seippel, ambaye alimfundisha mwenyewe baada ya masomo ya shule ya msingi. Kwa hiyo elimu yote ya mtu ambaye vyama vyake vimeenea duniani ilipatikana kijijini, mezani kwa mchungaji.

Alipofikisha miaka 17 aliingia jeshini, katika kikosi cha mizinga. Macho yake yakaanza kuugua, na mwaka 1843 ilimbidi aache jeshi. Ugonjwa huo haukumwacha tena. Akaingia utumishi wa serikali, na mwaka 1845, akiwa hajatimiza miaka 27, akateuliwa kuwa meya wa Weyerbusch, kundi la vijiji vidogo vya Westerwald visivyo mbali na alikozaliwa.

WEYERBUSCH: TANURI LA MKATE

Mwaka huohuo wa 1845 ugonjwa wa viazi ulienea Ulaya. Ni ugonjwa uleule ulioleta njaa kubwa Ireland. Mwaka 1846 mavuno ya nafaka nayo yakawa mabaya. Majira ya baridi ya 1846 na 1847 yalipofika, bei ya chakula ilikuwa imepanda na maskini hawakuwa na kitu.

Serikali ya Prussia ilitoa chakula cha msaada kutoka maghala yake, lakini kwa sharti kwamba kiuzwe kwa fedha taslimu. Sharti hilo lilimfunga meya kijana, kwa kuwa wenye njaa ndio wasiokuwa na fedha. Raiffeisen akaamua kuwagawia kwa mkopo, kinyume cha maagizo.

Lakini msaada huo haukutosha. Akawaita wenye uwezo wa eneo lake na kuwaomba wachangie mfuko wa pamoja. Kwa fedha hizo walinunua nafaka, wakajenga tanuri la kijiji, wakaoka mikate na kuiuza kwa takriban nusu ya bei ya soko. Asiyekuwa na fedha alipewa kwa mkopo, alipe baada ya mavuno. Majira ya kuchipua yalipofika walinunua pia mbegu za viazi, kwa sababu mkulima aliyekula mbegu yake atakuwa na njaa tena mwaka unaofuata. Chama hicho kiliitwa Chama cha Mkate.

Tunaomba msomaji aangalie jambo moja. Mkate haukugawiwa bure. Uliuzwa kwa bei nafuu au kwa deni. Raiffeisen alikuwa mtu wa imani, na aliamini kwamba kumpenda jirani ni pamoja na kumwachia heshima ya kulipa anachoweza.

FLAMMERSFELD: NG'OMBE WA MKOPO

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, bado katika vilima vilevile. Huko alikuta tatizo lingine ambalo halikuisha na njaa, nalo ni riba.

Mkulima mdogo alihitaji ng'ombe. Ng'ombe alimpa maziwa, alimvutia jembe na kumpatia samadi. Kwa kuwa hakuwa na fedha, alimkopa kwa mfanyabiashara wa mifugo. Masharti yalikuwa magumu. Mara nyingi ng'ombe alibaki kuwa mali ya mfanyabiashara, ndama alikuwa wake, na mkulima alibeba kazi ya kulisha. Akichelewa malipo, ng'ombe alichukuliwa. Deni likiongezeka, nyumba na shamba vilifuata. Sisi leo tunayo majina ya mikopo ya namna hii: "mikopo umiza", "kausha damu". Majina ni yetu, lakini ugonjwa huo Westerwald waliujua.

Mwaka 1849 Raiffeisen aliwakusanya watu wapatao 60 wenye mali, wakaanzisha chama cha kuwasaidia wakulima wasio na uwezo. Wote 60 walikubali kuwajibika kwa mali zao. Kwa dhamana hiyo chama kiliweza kukopa fedha kwa riba ya kawaida, kikanunua ng'ombe na kuwapa wakulima, nao wakalipa kwa awamu katika miaka mitano. Baadaye chama kilianza kukopesha fedha pia. Mlanguzi alipoteza wateja.

HEDDESDORF: ANAYEKOPA AWE MWANACHAMA

Mwaka 1852 alihamishwa tena, safari hii hadi Heddesdorf karibu na mto Rhine. Leo Heddesdorf ni sehemu ya mji wa Neuwied. Mwaka 1854 alianzisha huko chama cha hisani chenye shughuli nyingi. Kilitunza watoto waliotelekezwa, kiliwatafutia kazi watu wasio na ajira na waliotoka gerezani, kilinunua ng'ombe, na kilikuwa na mfuko wa mikopo.

Hapa ndipo alipojifunza somo gumu. Vyama vyote vitatu, cha Weyerbusch, cha Flammersfeld na cha Heddesdorf, vilitegemea wema wa matajiri. Mwanzoni moyo uliwaka. Miaka ilivyopita, wenye mali walichoka kudhamini madeni ya watu wengine, na shughuli za chama zikapungua moja baada ya nyingine. Anayepokea hakuwa na sauti, wala hakuwajibika kwa chama zaidi ya kulipa deni lake. Anayetoa hakuwa na sababu ya kubaki ila huruma, na huruma ya mwanadamu ina mwisho.

Wakati huo maisha yake yalikuwa magumu. Mwaka 1863 mke wake, Emilie, alifariki na kumwachia watoto. Macho yalizidi kufifia. Hata hivyo mabadiliko makubwa yalitokea katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1862 chama cha mikopo kilianza katika kijiji cha Anhausen, na mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kiligeuzwa kuwa chama cha mikopo kamili. Kanuni mpya ilikuwa rahisi kuisema: anayetaka mkopo awe mwanachama, na kila mwanachama awajibike kwa deni la chama.

Kwa kanuni hiyo, wale waliokuwa wanasaidiwa wakawa wenye chama. Maskini mmoja hakopesheki, kwa kuwa hana dhamana. Maskini hamsini wenye vishamba hamsini, waliofungamana kwa maandishi, wanakopesheka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

JINSI CHAMA KILIVYOFANYA KAZI

Mwaka 1865 Raiffeisen alistaafu umeya kwa sababu ya afya. Mwaka 1866 alitoa kitabu kuhusu vyama vya mikopo kama njia ya kuondoa dhiki ya watu wa vijijini. Kwa kuwa alikuwa karibu kipofu, binti yake Amalie alimsaidia kwa miaka mingi kusoma na kuandika. Tukitaja jina la Raiffeisen, ni haki kumkumbuka na binti huyu.

Haya ndiyo mambo makuu ya vyama vyake:

- Eneo dogo. Chama kilihudumia parokia moja au vijiji vichache jirani. Watu walifahamiana, walijua nani ni mchapakazi na nani ni mlevi. Kufahamiana huko kulikuwa dhamana bora kuliko karatasi.

- Wajibu wa pamoja usio na mpaka. Chama kikishindwa kulipa, kila mwanachama angeguswa hadi mali yake ya mwisho. Kanuni hii ilitisha, lakini ndiyo iliyofanya kila mtu afuatilie mikopo inavyotolewa.

- Mkopo wa muda mrefu kwa kazi ya maana. Mkulima hapati fedha kila mwezi. Chama kilimpa muda unaolingana na mavuno, na kiliuliza mkopo ni wa nini.

- Viongozi wa kujitolea. Viongozi hawakulipwa mshahara. Aliyelipwa ni mtunza hesabu peke yake, na yeye hakuwa na kauli katika kuamua nani akopeshwe.

- Akiba isiyogawanywa. Faida haikugawanywa kwa wanachama bali iliwekwa katika mfuko wa chama, ili siku za shida chama kiwe na ngao.

Si wote waliokubaliana naye. Mwenzake wa wakati huo, Hermann Schulze-Delitzsch, aliyeanzisha vyama vya mafundi na wafanyabiashara wadogo wa mijini, alimpinga vikali. Yeye alitaka kila mwanachama anunue hisa, mikopo iwe ya muda mfupi, na watu walipwe gawio. Raiffeisen alijibu kwamba mkulima maskini hana fedha ya hisa, na shamba halizai baada ya miezi mitatu. Ubishi wao ulidumu miaka mingi. SACCOS zetu za leo zina damu ya wote wawili: hisa zimetoka upande wa Schulze-Delitzsch, na kifungo cha ujirani kimetoka upande wa Raiffeisen.

Jambo jingine aliloliona mapema ni kwamba chama kidogo peke yake ni dhaifu. Kijiji kimoja kikipigwa na mvua ya mawe, wanachama wote wanahitaji mkopo siku moja. Kwa hiyo mwaka 1872 alisaidia kuanzisha benki ya ushirika ya eneo la Rhine ili vyama vyenye ziada visaidie vyenye upungufu, na mwaka 1877 umoja wa vyama uliundwa Neuwied kwa ajili ya ushauri na ukaguzi. Alifariki Heddesdorf tarehe 11 Machi 1888, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70.

DOA AMBALO HATUPASWI KULIFICHA

Hapa tunarudi Hamm, na tunarudi kwa huzuni. Raiffeisen aliandika dhidi ya riba, lakini katika baadhi ya maandishi yake aliwashutumu Wayahudi kwa jumla, kana kwamba ulanguzi ni tabia ya watu wa dini moja. Huo haukuwa ukweli. Wakopeshaji wa Kikristo walikuwapo, na walanguzi wakatili walikuwa wa kila aina. Tena, kwa karne nyingi sheria za Ulaya ziliwakataza Wayahudi kumiliki ardhi na kuingia katika kazi nyingi za ufundi. Wengi walibaki katika biashara, ikiwa ni pamoja na biashara ya mifugo, kwa sababu milango mingine ilifungwa.

Hamm yenyewe ilikuwa na jamii ya Wayahudi, majirani wa kijiji hicho, wenye sinagogi na makaburi yao. Mwezi Novemba 1938, utawala wa Wanazi ulipoamuru sinagogi zichomwe Ujerumani nzima, la Hamm nalo liliangamizwa. Vyama vya ushirika navyo vilikuwa tayari vimewekwa chini ya mamlaka ya chama tawala tangu utawala huo ulipoanza mwaka 1933, na uhuru wa wanachama ukaisha.

Hatusemi kwamba Raiffeisen aliyasababisha hayo yaliyotokea nusu karne baada ya kifo chake. Tunasema kwamba neno la kulaumu kabila au dini nzima ni mbegu, na mpanzi hajui itavunwa na nani. Nasi tunapopambana na wakopeshaji wanyonyaji katika mitaa yetu, tupambane na riba na mikataba mibaya. Tusiwataje kwa kabila lao.

KUTOKA SIEG HADI KILIMANJARO

Je, wazo hili lilifikaje kwetu? Wengi hudhani lililetwa na Wajerumani walipotawala Tanganyika. Njia yake hasa ilikuwa ndefu zaidi, nayo ilipitia India.

Katika miaka ya 1890 serikali ya Kiingereza ya Madras ilimtuma ofisa wake, Frederick Nicholson, achunguze namna ya kuwaokoa wakulima wa India na madeni. Aliangalia vyama vya Ulaya, na ushauri wake ulikuwa kwamba mfano wa Raiffeisen ndio unaofaa kijijini. Mwaka 1904 India ilipata sheria yake ya kwanza ya vyama vya mikopo, na katika vyama vya vijijini wajibu wa wanachama ulikuwa usio na mpaka, kama kule Heddesdorf. Sheria ya India ikawa kielelezo kwa makoloni mengine ya Uingereza.

Tanganyika ilipata sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kuanza wenyewe chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa chama kikuu cha KNCU. Hapo kazi haikuwa mikopo bali kuuza kahawa kwa pamoja, lakini wazo la msingi lilikuwa lilelile: wadogo wanaungana ili wasinyonywe na mnunuzi mmoja mmoja.

Tunajua pia historia yetu iliyofuata. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ilitungwa mwaka 1982. Waliopitia kipindi hicho hawahitaji kuelezwa tofauti kati ya chama kinachomilikiwa na wanachama na chombo kinachoendeshwa kutoka juu.

YA KUONA KATIKA SAFARI HII

Msomaji atakayepata nafasi ya kwenda Ujerumani, labda katika ziara ya usharika rafiki, anaweza kuifuata historia hii kwa siku moja au mbili. Treni ya bonde la Sieg kutoka Köln husimama Au, kituo kilicho jirani na Hamm.

Katika Hamm, nyumba aliyozaliwa Raiffeisen sasa ni makumbusho ya maisha na kazi yake. Karibu na kijiji, katika bonde la msitu, kuna nyumba ya watawa ya Marienthal, ambako Wafransisko waliishi kwa muda mrefu na mahujaji wa Kikatoliki bado wanafika. Katika vijiji vya eneo hili utaona nyumba za zamani zilizojengwa kwa fremu za mbao, nafasi za katikati zikijazwa fito na udongo. Mtu wa kwetu aliyekandika nyumba hatahitaji maelezo.

Kutoka Hamm barabara ya kihistoria iliyopewa jina la Raiffeisen hupita Westerwald hadi Neuwied. Sehemu yake aliijenga yeye mwenyewe alipokuwa meya, ili mazao ya vilimani yafike kwenye soko la mto Rhine. Weyerbusch kuna tanuri la ukumbusho wa Chama cha Mkate. Flammersfeld imehifadhiwa nyumba aliyoishi na kufanya kazi. Neuwied kuna kaburi lake, na daraja kubwa juu ya mto Rhine, lililofunguliwa mwaka 1978, limepewa jina lake.

Mwaka 2016, katika kikao kilichofanyika Addis Ababa, Ethiopia, shirika la UNESCO liliingiza wazo na desturi ya vyama vya ushirika katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu, kwa maombi yaliyotoka Ujerumani. Umoja wa Mataifa nao umetenga mwaka mzima wa vyama vya ushirika mara mbili, 2012 na 2025.

TUNAJIFUNZA NINI?

Katika kazi yetu ya maendeleo tumeshuhudia miradi mingi ikianza kwa shangwe na kufa siku mfadhili anapoondoka. Tukisoma habari za Flammersfeld tunajiona. Wale matajiri 60 hawakuwa watu wabaya. Walitoa kwa moyo, na ng'ombe wao walikuwa ng'ombe wa kweli. Lakini mkulima alikuwa mgeni katika chama kilichoundwa kwa ajili yake.

Ilimchukua Raiffeisen karibu miaka 18, tangu tanuri la Weyerbusch hadi chama cha Heddesdorf, kukubali kwamba msaada mzuri kwa moyo unaweza kuwa mbaya kwa mpango. Hakuacha huruma. Aliipatia muundo unaoweza kudumu baada ya yeye kuondoka. Swali hilo linatuhusu sisi tunaoandika na ninyi mnaosoma: siku tutakapofunga ofisi yetu katika kata yenu, chama chenu kitaitisha mkutano wake wa kawaida Jumamosi inayofuata? Kama jibu ni hapana, basi bado tuko Flammersfeld, na safari ya kwenda Heddesdorf haijaisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika chama chetu, nani anaamua mkopo utolewe au usitolewe? Je, anayelipwa mshahara ndiye pia mwamuzi?

2. Je, wadhamini wetu wanawafahamu kweli wanaowadhamini, au wanatia sahihi tu?

3. Faida ya mwaka jana tuliigawa yote, au tuliacha akiba kwa ajili ya mwaka wa ukame?

4. Kama wafadhili wangeondoka mwezi ujao, ni shughuli zipi zingeendelea na zipi zingekufa? Tuanze kuzungumza juu ya zile ambazo zingekufa.

5. Je, tunapozungumza juu ya wakopeshaji wanyonyaji, tunasema juu ya matendo yao au juu ya kabila na dini yao?